Pakiti inasema chungwa na sukari guru, mimi naonja kahawa tu. Wenzangu mnafanyaje?

Dada_wa_Tabata

Habari za jioni wakuu, na dada zangu mliomo humu. Naomba wenye kuijua kahawa mnisaidie, nasema kuijua maana kuinywa hata mimi nakunywa.

Nyumbani tulikua na chai ya maziwa asubuhi na jioni, kahawa nimekutana nayo kazini, ile ya kopo, unatia maji ya moto, sukari, maziwa, unaendelea na kazi zako wala hukai kufikiria umekunywa nini. Sasa shemeji yangu katoka Moshi kaniletea pakiti ya robo kilo, kahawa ya kule Kibosho, haijasagwa, na nyuma wameandika mambo mengi, arabika, imeoshwa, mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, tarehe iliyokaangwa, alafu chini kabisa ladha: chungwa, sukari guru, chai nyeusi. Nikasema leo ngoja ninywe bila sukari bila maziwa nilione hilo chungwa. Nimezima simu, nimefumba macho kabisa, wakuu naonja kahawa. Nzuri, haina ule uchungu unaoganda kooni, ila ni kahawa. Chungwa sijaliona wala sukari guru.

Mume wangu anasema wanaandika hivyo ili wapandishe bei. Mimi siamini, maana shemeji anasema pale Moshi kuna watu kazi yao ni kuonja kahawa kutwa nzima na wanunuzi wa mnadani wanaangalia walichosema wao, hawawezi wote wakawa wanabuni. Kwahiyo kuna kitu wanakipata mimi nakikosa na nakitaka kweli, kwasababu naona siku hizi nakula na kunywa vitu vinapita tu sijui hata vilikuwaje. Hili jambo mtu anajifunza ukubwani au lazima uzaliwe na pua hiyo? Kuna mazoezi ya kufanya nyumbani bila mashine za malaki? Na huyo anayeonja chungwa analionja wapi, mwanzo, katikati au ukishameza? Mimi nina birika, chujio la chai, kinu na vikombe, basi.

Kibo_Muonjaji

Karibu sana dada. Niko Moshi na kuonja ndio kazi inayonilisha, kwahiyo ntajibu kirefu univumilie.

Kwanza hakuna aliyetia chungwa humo, na pia hakuna anayekudanganya. Kahawa ni mbegu ya tunda, ndani ina sukari na asidi zake, ikikaangwa vitu vinavunjika na kuungana upya vinazaliwa viambata vya harufu mamia kwa mamia, na baadhi yake ni jamaa wa karibu wa vile vilivyomo kwenye ganda la chungwa, kwenye maua, kwenye karanga za kukaanga. Aliyeandika chungwa hasemi utakunywa juisi. Anasema uchachu wa kahawa hii umekaa upande wa chungwa, haujafika kwenye ndimu, na wala haujaenda upande wa ukwaju. Ni maneno ya kulinganisha. Na hapo ndipo penye jibu lako, huwezi kulinganisha kitu kimoja. Kahawa moja peke yake mezani haikufundishi chochote hata ukikaa nayo mpaka usiku umefumba macho.

Kwahiyo kesho tafuta kahawa ya pili, tena iwe mbali na hiyo ya Kibosho, mfano robusta ya Kagera, ambayo ni aina nyingine tofauti na hiyo arabika yako, au ile ya supamaketi iliyokaangwa nyeusi mpaka inang'aa mafuta. Ziweke mbili pembeni pembeni. Hautahitaji mtu wa kukwambia hii ina uchachu na hii haina, mdomo wenyewe utakwambia kwenye funda la kwanza.

Namna ya kupika sisi hatutumii mashine yoyote, kapingi, yani kuonja kwa kupima ubora, inafanyika kwenye bakuli. Kipimo tunachofuata ni gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, nyumbani weka gramu 11 kwa mililita 200 ni uwiano uleule. Saga isiwe unga kabisa, iwe chenga chenga, na kinu chako kama kimewahi kutwanga kitunguu saumu usikitumie, bora hapo dukani wakusagie au uazime mashine ya mkono. Kabla ya maji nusa ile kavu, nusa ya kwanza nenda ya pili rudi ya kwanza. Alafu mwaga maji ya nyuzi kama 93, yani yakishachemka epua subiri kidogo, mwaga moja kwa moja juu ya unga mpaka kikombe kijae na uache. Juu itatanda kama ngozi. Ikifika dakika 4 weka pua karibu kabisa na kikombe, ivunje ile ngozi kwa mgongo wa kijiko ukisukuma mara tatu hivi, na hapo ndipo harufu inatoka nyingi kuliko wakati wowote mwingine, usiipoteze kwa kuongea. Ondoa povu na chenga zinazoelea, usubiri.

Watu wengi wanaharibia kwenye kusubiri. Kahawa ya moto sana ulimi hausomi kitu, unasikia moto na uchungu basi. Anza kuonja kama dakika 8 hadi 10 tangu umwage maji, ikiwa kama nyuzi 70, alafu rudia ikiwa vuguvugu, alafu rudia ikiwa imepoa kabisa. Ni kahawa tatu tofauti hizo. Utamu na uchachu vinajitokeza inapopoa, na ubaya nao unajitokeza hapohapo, kahawa mbovu ikipoa hainyweki, kahawa nzuri ikipoa ndio inakuwa nzuri zaidi. Chungwa lako mimi nahisi lilikuwa linakusubiri kwenye robo ya mwisho ya kikombe.

Na uvute kwa sauti, fyooo, kama unavyovuta uji wa moto. Sio ukosefu wa adabu, ni kazi, kahawa inarushwa mdomoni kote na hewa yake inapanda puani kwa nyuma. Maana ulimi peke yake unajua tamu, chachu, chungu, chumvi na ule utamu wa mchuzi wa nyama, mengine yote tunayoita ladha yanatoka puani. Jaribu na pipi ya matunda: ziba pua, weka pipi mdomoni, utaonja sukari tu, achia pua ghafla ndio nanasi au stroberi linatokea. Kwahiyo kwa swali lako la wapi, lisikilize ukishameza, funga mdomo, toa pumzi taratibu kwa pua. Hapo.

Kuhusu ukubwani, dada yangu, sisi Wachagga wengi tumekua tunachuma kahawa na kunywa chai. KNCU, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ipo tangu 1933, watu wamesomeshwa na kahawa, na ukienda vihambani mpaka leo unakaribishwa chai. Kwahiyo karibu wote unaowaona kwenye meza za kuonja hapa mjini wamejifunza wakiwa na ndevu au watoto. Pua unayo.

Karatina254

Sasa wadau wa TZ. Kibo amemaliza karibu yote, mimi naongeza tu upande wa huku Nyeri. Dada kama unaweza kupata kahawa ya Kenya iliyooshwa, hata gramu 100 tu, iweke kando ya hiyo ya Kibosho. Zote ni arabika, zote zimeoshwa, yani zimemenywa na kuoshwa kabla ya kuanikwa, milima haiko mbali, na bado utashangaa. Yetu uchachu wake uko juu kabisa, unapiga kwa pembe za ulimi alafu mate yanajaa mdomoni, na kuna ile ladha wazungu wanaiandika kila mara kwa kahawa ya Kenya, mtu akiniuliza ni nini mimi namwambia umeshakunywa Fanta Blackcurrant, basi kumbuka hiyo. Ukishaipata mara moja hauwezi kuisahau tena, utaitambua hata kwa kikombe cha kwa jirani.

Sababu kubwa ni mbegu. SL28 na SL34 zilichaguliwa pale Scott Laboratories, kituo cha utafiti wa kilimo huku Kenya, miaka ya 1930, na hapa nawapa ndugu zangu haki yao, ule mti wa SL28 ulichaguliwa kutoka aina ya kahawa iliyostahimili ukame iliyotoka Tanganyika, upande wa Monduli. Kwahiyo ni mtoto wenu alilelewa huku. Sababu nyingine ni kazi ya fakitori, tunamenya, tunachachusha, tunaosha, alafu tunaloweka tena kwa maji safi, na wakulima wanachuma iliyoiva peke yake, ile nyekundu kabisa. Kahawa iliyochumwa mbichi mtu yeyote aliyefundishwa anaiona kikombeni, inakuwa na ukakasi na ladha ya nyasi.

Kitu kimoja nataka kusisitiza kuhusu maneno. Usijilazimishe yale ya pakiti. Wewe tumia vitu umekula. Mimi mwalimu wangu alitufanya tuende sokoni tununue matunda yote ya msimu tuyanuse na kuyala polepole kabla ya kutugusisha kikombe, matunda ya damu (tree tomato), pera, karakara, embe, ndizi iliyoiva sana, miwa, na tukanusa njugu zilizokaangwa kidogo na zilizoungua. Mtu ambaye hajawahi kusimama na tunda la damu mkononi akalinusa kabla ya kulila, atalitambuaje kwa kahawa? Haya mambo ya kuonja yanaanzia jikoni na sokoni, kahawa inakuja baadaye.

Mzee_wa_Malindi_Unguja

Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma nimefurahi, lakini naona mnamfundisha huyu binti kama kwamba watu hawajawahi kuinywa kahawa kwa utulivu mpaka yalipokuja hayo mabakuli.

Nendeni Jaws Corner baada ya alasiri, au baraza yoyote ya Mji Mkongwe, au Mombasa, au Lamu. Kahawa chungu, kikombe kidogo hichi cha funda nne, dele limekaa juu ya mkaa, hakuna maziwa. Mtu anachukua kipande cha kashata au tende kwanza, anatafuna, alafu ndio anapiga funda. Na wale wazee wanajua. Muuzaji akiichoma sana wanamwambia leo umeunguza, akiirudishia maji wanamwambia, akibadilisha duka la buni wanamuuliza umenunua kwa nani. Hawana makaratasi ya kujaza alama lakini ulimi wao umekaa palepale siku zote, kahawa ileile, saa ileile, kwahiyo kikibadilika kitu kidogo wanakipata.

Mimi naamini huko ndiko kujifunza kwenyewe. Kunywa kidogo, kunywa na watu wanaojua, na usikimbie. Kikombe kikubwa cha nusu lita ukitembea nacho njiani hata kiwe cha bei gani hutakijua. Na iliki na tangawizi msizitukane, kule Oman kahawa inatiwa iliki, inanywewa na tende, na ni watu wanaoipenda kahawa kuliko sote tuliomo humu.

Kibo_Muonjaji

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye kahawa ileile saa ileile umesema jambo kubwa sana, sisi maabara tunafanya hivyohivyo, tunaweka sampuli moja tunayoijua kila siku mezani ili ulimi ujue uko wapi. Na kashata kabla ya funda ni kulinganisha, utamu kwanza alafu uchungu. Viungo sivitukani hata kidogo, nanywa mwenyewe nikija huko. Ninachomwambia dada ni kwamba akitaka kuijua hiyo ya Kibosho aionje kwanza ikiwa peke yake, iliki ni harufu yenye nguvu sana, ikishaingia inakalia kiti cha mbele.

Mwana_Kamachumu

Naomba niingie hapa maana naona robusta ya Kagera imetajwa kama mfano wa kahawa isiyo na kitu, iwekwe tu ili arabika ionekane nzuri. Ndugu yangu Kibo najua haukukusudia lakini watu wanasoma.

Sisi Wahaya wa Kagera kahawa tulikuwa nayo kabla Mjerumani hajafika, na hatukuwa tunaipika, tulikuwa tunaitafuna na bado tunaitafuna. Inachumwa haijaiva vizuri, inachemshwa na majani ya kunukia, inakaushwa, mgeni akiingia anapewa chache mkononi kabla ya neno lolote. Watu wakifanya undugu wa damu walikuwa wanagawana tunda moja, punje mbili zile kila mmoja na yake, imepakwa damu ya mwenzie. Sasa uniambie watu waliofanya hivyo hawakuijua ladha ya kahawa yao.

Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na sukari kidogo, ndio maana ni chungu na ni nzito, huo ni ukweli. Lakini kuna robusta na robusta. Ile inayojulikana na wengi imechumwa mbichi na mbivu pamoja, ikaanikwa chini kwenye udongo, kikombe kikinuka vumbi wanasema robusta ndivyo ilivyo, hapana, huo ni udongo unauonja. Ikichumwa nyekundu tupu ikaanikwa juu ya chanja inageuzwa kila mara, unapata karanga, kakao, na kuna ladha ya nafaka iliyokaangwa, unga wa mtama ukiwa kwenye kikaango, na uzito mdomoni ambao arabika haina. Kumekuwa hata na waonjaji wenye cheti cha robusta peke yake na fomu yao. Dada nunua, lakini nunua nzuri, uionje kwa heshima yake.

Dada_wa_Tabata

Jamani asanteni mno, sikutegemea. Mzee shikamoo, na ndugu wa Kamachumu nimekusikia.

Nimefanya. Nimepata robusta ya Bukoba kwa jamaa anayeuza pale Kariakoo, akanisagia zote mbili, nimetumia vikombe vya chai vinavyofanana na mizani ya jikoni ya dada yangu. Nimemkalisha na mume wangu yule asiyeamini. Kunusa tu kabla ya maji tayari zilikuwa tofauti kabisa mpaka nikashtuka, moja ilinukia kama mkate wa kuungua kidogo na karanga, nyingine kitu kitamu tamu siwezi kusema ni nini. Tulipoonja za moto sikuona kikubwa zaidi ya kwamba ya Bukoba nzito. Tukaziacha tukala, tukarudi zimepoa. Wakuu ile ya Kibosho imebadilika! Kuna uchachu umekuja pembeni ya ulimi, mwepesi, alafu baada ya kumeza kuna utamu kama umetoka kutafuna muwa, ule utamu wa mwishomwisho ukishatema makapi. Sio chungwa lakini ni kitu, kipo, sijakibuni. Mimi niliandika ukwaju uliotiwa sukari, mume wangu akasema karakara, alafu nilivyosikia karakara na mimi nikaanza kuonja karakara, hapo ndipo nikachanganyikiwa.

Maswali yaliyobaki. Nani yuko sahihi mimi au yeye? Pia nitajuaje uchachu mzuri na uchachu wa kahawa iliyoharibika, maana mama yangu alipita akaonja akasema imechacha hiyo mwaga. Na maji, sisi hapa tunatumia ya kisima, yana chumvi kidogo, nayo inahusika?

Kibo_Muonjaji

Muwa ndio sukari guru dada, miwa ikichemshwa ndio inazaa hiyo sukari guru ya pakiti, kwahiyo umeshaipata.

Mko sahihi wote wawili. Ukwaju na karakara vyote vina uchachu mkali wenye utamu nyuma yake, mmoja kakumbuka hiki mwingine kile, na tukikaa watu sita mezani inakuwa hivyo pia. Tunachotaka tukubaliane ni uchachu uko juu au chini, utamu upo au haupo, ladha inabaki au inakatika, kikombe ni kisafi au kuna kitu kimeingia. Jina la tunda ni la mwisho. Na hiyo ya kuanza kuonja karakara baada ya kulisikia ndio sababu kwenye chumba cha kuonja hakuna kuongea. Kila mtu anaandika kimya kimya mpaka amalize, hata kukunja uso tunakatazana maana ukimuona mkubwa wako kakunja uso na wewe kahawa inaharibika mdomoni hapohapo. Mkirudia na mume wako fanyeni hivyo, na mtu mmoja apange vikombe wengine hawaoni kipi ni kipi.

Kuhusu uchachu wa mama, shikamoo yake, hilo swali ni zito nalipenda. Kabla ya kahawa zoeza ulimi kwa vitu vitatu. Maji yenye matone ya ndimu, huo ni uchachu, angalia unapiga wapi na mate yanavyotoka. Jani la mwarobaini, tafuna kidogo tu, huo ni uchungu, unachelewa kufika na unakaa nyuma ya ulimi muda mrefu. Alafu bibo la korosho au ndizi mbichi, huo ni ukakasi, wala sio ladha, ni mdomo unakauka na ulimi unakuwa kama kitambaa. Watu wengi wakisema kahawa chungu wanachanganya hivi vitatu, na ukishavitenganisha umevuka mto mkubwa.

Uchachu mzuri uko kama tunda, unakuja na utamu na unaondoka safi, unataka funda lingine. Uchachu mbaya uko kama siki, au kitunguu kilichooza, au togwa iliyopitiliza, unakuja peke yake na unabaki. Huo unatoka pale ambapo kahawa imekaa kwenye tanki la kuchachushia kupita muda wake, au mbivu zimeachwa kwenye magunia usiku kucha kabla ya kumenywa. Mama yako hajazoea kahawa yenye uchachu wowote kwasababu kahawa nyingi inayouzwa madukani imekaangwa nyeusi, na moto mwingi unaua uchachu wote, mzuri na mbaya, unabakiza ladha ya moto wenyewe. Ndio maana hiyo nyeusi sana itoke Kibosho itoke Brazil utaona inafanana.

Buja_Kikombe

Salama ndugu zangu, nasoma kutoka Bujumbura. Naongezea juu ya kikombe kisafi. Huku kwetu na Rwanda tuna shida ya kahawa yenye ladha ya kiazi. Kuna kadudu kanatoboa tunda likiwa mtini, wanakaita antestia, na shida hiyo inaendana nako, basi punje moja tu ikiwa nayo kikombe kizima kinanuka kiazi kibichi ulichotoka kumenya sasa hivi. Haina madhara kwa afya lakini ladha inaisha. Ndio sababu wenye kuonja wanapika vikombe vitano vya kahawa ileile, sio kimoja, kwasababu vinne vinaweza kuwa vizuri sana kama asali na maua, na cha tano ni kiazi. Wakulima wanaelesha zile mbivu kwenye maji, zinazoelea wanaondoa, alafu kina mama wanachambua punje kwa mkono mezani siku nzima.

Kwahiyo dada ukinunua kahawa ya Burundi ukakuta siku moja kikombe kinanuka kiazi, usitupe pakiti. Mwaga hicho, osha kisagio, saga nyingine. Bourbon yetu, ile mbegu ya kahawa ya huku, ni kahawa ya utamu, itakupendeza.

Karatina254

Mimi nijibu ya maji kwa sababu hiyo imeachwa. Inahusika sana, kikombe cha kahawa ya kuchuja karibu chote ni maji. Maji ya chumvi yanaziba uchachu, kahawa inakuwa bapa, haina makali wala utamu, na hapo ulikuwa unamtafuta chungwa huku maji yamemfunika. Wenye kuonja wanatumia maji yenye madini kama miligramu 150 kwa lita, hata chupa nyingi za maji za dukani zimeandika namba yake ya madini kwa ubavu, soma uchague iliyo karibu na hapo. Ile iliyosafishwa mpaka haina kitu pia sio nzuri, kahawa inatoka kali na nyembamba. Pika siku moja kahawa ileile na maji ya kisima kikombe kimoja na maji ya chupa kingine, hiyo nayo ni darasa.

Na kabla hujauliza, maana wengi wanauliza, ukikuta AA kwa pakiti hiyo ni saizi ya punje tu, imebaki juu ya chekeche la matundu ya karibu milimita 7. PB ni ile punje moja ya duara iliyokaa peke yake ndani ya tunda badala ya mbili. Bei inapanda lakini ulimi wako ndio uamue, nimeonja AB nyingi, zile za saizi ya chini yake, zilizoishinda AA ya mlima uleule.

Dada_wa_Tabata

Kumbe maji! Basi Jumamosi napika ya kisima na ya chupa pamoja, Kibosho kwa Kibosho, na shemeji atapanga vikombe tusione. Ndugu wa Bujumbura hiyo bourbon hapa Dar naipata wapi? Na Kibo, pakiti ikishafunguliwa inakaa muda gani kabla harufu haijaisha, maana naona nimebakiza kama nusu na sitaki iharibike kabla sijamaliza haya mazoezi.

Kibo_Muonjaji

Angalia ile tarehe ya kukaangwa, nzima nzima bila kusagwa ina mwezi hivi wa kuwa kwenye ubora wake, na wiki ya pili mara nyingi ndio tamu zaidi. Ikishasagwa harufu inaondoka siku hiyohiyo, kwahiyo usisage yote, saga ya kikombe unachokunywa. Toa hewa pakiti, ikunje, ibane na kibanio cha nguo, weka kabatini penye giza mbali na jiko na mbali na viungo. Friji ya kawaida hapana, itanuka samaki. Na hiyo robusta iliyokwisha kusagwa Kariakoo inywe kwanza, usiiwekee akiba.